Mita Mia Moja za Bibi wa Chini

Juni 21

Raon ameruka kutoka kwenye kochi sasa hivi, miguu miwili kwa pamoja, puu! Akasimama ameinua mikono kama aliyeshinda mashindano, kisha akakumbuka, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mdomo! Kana kwamba kelele imetokea mdomoni. Nimecheka kabla sijamkemea. Halafu tukanyamaza wote wawili, tukaitazama sakafu, tukingoja.

Kimya. Labda bibi wa chini hayupo.

Mvua za masika ya huku zimeanza leo. Televisheni inasema zitakaa mpaka mwezi wa saba uishe. Mtoto wa miaka minne, vyumba viwili, na mvua isiyokatika. Mungu tu.

Juni 23

Chekechea wamefunga. Watoto wametokwa na malengelenge mikononi na midomoni, wanaambukizana. Raon mzima kabisa, mzima kupita kiasi.

Mchana spika ya darini ikakohoa, ile ya ofisi ya majengo. "Wakazi wapendwa wa jengo la pili. Ofisi imepokea malalamiko ya kelele za miguu. Wazazi wanaombwa kuwaongoza watoto wao wasikimbie ndani. Tuheshimiane, sisi ni majirani." Hawakutaja namba. Wana haja gani? Jioni kwenye lifti mama mmoja wa ghorofa ya nne alimsalimia Raon: "Shujaa wetu wa mbio hajambo?" Nikacheka naye. Uso ulikuwa unaniwaka mpaka masikioni.

Juni 24

Mvua. Hakuna jipya.

Juni 26

Amekuja mlangoni.

Tunakaa 703, yeye 603. Jina lake Maeng Sun-rye, nimelisoma kwenye sanduku la barua. Ana sitini na kitu, nywele zimetiwa mawimbi, na kwa kuwa nilikuwa naosha vichwa saluni kabla sijaolewa, najua mawimbi yale ni ya kujitia mwenyewe nyumbani. Nyuma yamemshinda.

"Mama Raon, mimi nilale saa ngapi?"

Nikainama. "Samahani sana, bibi."

"Samahani zako nimezijaza kabati. Hakuna pa kuweka nyingine."

"Tumetandika sponji nyumba nzima, bibi. Njoo uone."

"Sponji siisikii. Nasikia visigino." Akajishika kichwa. "Mtoto ni mtoto, najua, nimezaa. Lakini mimi nalala mchana. Mchana!"

Raon akachungulia kati ya miguu yangu. "Kwani wewe popo?"

Jamani. Bibi akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani alitaka kucheka. Mimi nikamvuta mtoto ndani, nikainama tena, nikainama mpaka mlango ukafungika mbele ya kichwa changu. Baadaye nikamwuliza mume wangu, nani analala mchana akiwa na afya yake? Hyeon-guk akasema labda anakunywa. Nikakubali upesi. Mtu mlevi ukimwinamia huumii sana moyo kama ukimwinamia mtu mwenye akili timamu.

Juni 27

Nimemfundisha Raon kutembea kama paka. Baba yake anasema ni paka aliyemeza tofali.

Juni 30

Asubuhi kulikuwa na mfuko wa nailoni umening'inizwa kwenye kitasa chetu. Ndani, viatu vya nyumbani vya mtoto, jozi mbili, vimefumwa kwa uzi mnene wa kijani, soli imeshonewa manyoya ya kondoo. Hakuna neno lililoandikwa. Sikuhitaji kuuliza vimetoka wapi.

Nikapiga picha nikaipeleka kwenye kundi la simu la kina mama wa jengo letu. Mama Juha wa ghorofa ya tisa ndiye alijibu kwanza, yeye hujibu kwanza siku zote:

"Hiyo dhihaka shoga. Anakwambia mtoto wako farasi."

"Labda ana nia njema," nikaandika.

"Nia njema inagonga mlango inakuja na machungwa. Hii imekuja kimyakimya. Itunze picha. Kumwachia mtu vitu mlangoni siku hizi ni kosa la kumwandama, sheria ipo. Wangapi wamefungwa!"

Wengine wakaweka vikaragosi vya kushangaa. Nikaona aibu kwamba nilitaka kumvisha mtoto vile viatu. Nimevisukuma juu ya kabati. Raon analia anavitaka, anasema ni vya chura.

Julai 2

Nimekaa kuandika yote ya leo.

Mvua ya leo ilikuwa ya kumwaga na ndoo. Hyeon-guk yuko barabarani na mizigo yake ya watu, Raon alikuwa anacheza mzigo umefika: anabeba mto, anakimbia mpaka mlangoni, anautupa, "Mzigo wako mama!", anarudi kuchukua mwingine. Nilimwambia polepole. Nilimwambia tena. Kusema kweli nilichoka nikamwachia, nikaenda kukaanga chapati za majani ya vitunguu, maana kwa mvua kama hii mtu hutamani hizo tu.

Mlango ukapigwa. Haukubishwa, ulipigwa, kwa ngumi.

Nilipofungua alikuwa bibi, amevaa nguo za kulalia, macho mekundu. Wa 704 naye akafungua mlango wake. Na kijana wa kuleta vifurushi alikuwa pale karibu na lifti, kasimama na boksi lake, hataki kupitwa.

"Bibi, samahani, nilikuwa jikoni..."

"Wewe mtoto, ulilelewa wapi?" Sauti ilikuwa imepasuka. "Ee? Kwenu hawakukufundisha kwamba chini ya miguu yako kuna watu?"

Kwetu. Mimi kwetu ni bibi yangu mzaa mama, aliyenilea kwa kuuza mboga na akafa kabla sijamaliza shule, ndipo shule ikaishia hapo. Wa 704 alikuwa ananitazama. Kijana wa vifurushi alikuwa anatazama boksi kwa bidii. Nikahisi kama nimevuliwa nguo.

Sikuinama. Nilifunga mlango nikapiga 112.

Walikuja wawili, mmoja kijana mwenye sauti ya upole, Afande Seok. Aliketi juu ya sponji yetu ya picha za wanyama, daftari gotini. Nikamwonyesha picha ya viatu. Nikamtajia siku alizokuja bibi mlangoni, na malalamiko ya ofisini pia. Akauliza:

"Alipokuja, uliingiwa na hofu?"

Nikanyoosha ukingo wa sponji.

"Nakuuliza kwa sababu sheria inataka hivyo, mama. Kugonga mlango si kosa. Kuacha viatu si kosa. Lakini akirudia bila sababu ya haki, na wewe ukaingiwa na hofu au wasiwasi, hapo ndipo inakuwa kumwandama mtu. Kwa hiyo, uliogopa?"

Kupitia sakafu nilisikia mlango wa 603 ukifunguliwa. Yule afande mwingine alikuwa ameshuka kwake.

"Ndiyo," nikasema. "Niliogopa. Kwa ajili ya mtoto."

Akaandika. Chapati zilikuwa zimeungua.

Julai 3

Afande Seok amepiga simu. Bibi amepewa amri ya dharura: haruhusiwi kutukaribia ndani ya mita mia moja, wala kutupigia, wala kuacha kitu chochote.

Hyeon-guk alicheka mpaka akakohoa. "Mita mia? Sakafu yetu ndiyo dari yake! Watamtundika wapi, angani?"

"Afande anasema maana yake asipande kwetu, na akituona njiani atupishe."

"Aa. Basi vizuri." Akaendelea kula. "Umefanya vizuri, Mama Raon. Tumeinama sana."

Julai 4

Mvua.

Julai 5

Raon amekimbia asubuhi yote. Hakuna aliyekuja. Spika nayo kimya. Kwenye kundi wamenipigia makofi, mama mmoja ameandika kwamba nimewasemea wazazi wote wa jengo. Mimi, niliyekuwa sipewi hata nafasi ya kuchagua mahali pa chai! Mama Juha ametuletea matikiti maji madogo ya njano. Nimelala mchana na mtoto kifuani, raha mstarehe.

Julai 8

Nimemwona.

Tulikuwa tunarudi kutoka chekechea, imefunguliwa tena, Raon na mwavuli wake wa bata. Bibi Maeng alikuwa kwenye kibanda cha kutenganishia taka, amebeba chupa za plastiki alizozikunja vizuri. Alipotuona aliziacha chini. Njia ya kuingilia jengoni ni moja, na sisi tulikuwa juu yake. Akatazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatoka nje ya kibanda upande wa pili, kwenye mvua, bila mwavuli, akarudi nyuma, nyuma, huku anatuangalia, kama mtu anayempisha mbwa. Akaenda mpaka kwenye ukuta, pale walipofunga bango la diwani mpya, "Asanteni kwa kunichagua, nitaujenga mtaa wa amani". Akasimama chini ya bango amelowa, anangoja tupite.

"Mama, popo analowa," Raon akasema.

"Twende."

"Mpe bata wangu."

"Nimesema twende!" Nikamvuta mkono kwa nguvu, akalia mpaka ndani ya lifti.

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Nilikaa dirishani nyuma ya pazia. Alibaki pale muda mrefu, halafu akaokota chupa zake, akazitupa kila moja mahali pake, akaingia. Nikasikiliza, lifti haikuitwa. Alipanda kwa ngazi, na magoti yake ya uzee.

Julai 9

Siwezi kula. Namwambia Hyeon-guk ni joto.

Julai 11

Mzee Do, mlinzi wetu wa getini, ndiye aliyenieleza, wala sikumwuliza. Nilikwenda kuchukua kifurushi, akaangalia namba kwenye boksi.

"Wewe ndiye 703?"

"Ndiye mimi, mzee."

"Aa."

Hiyo "aa" yake iliniingia kama mwiba. Nikasimama tu. Naye akawa anapanga mafaili yasiyohitaji kupangwa, kisha akasema bila kuniangalia:

"Sun-rye anafanya kazi nyumba ya wazee, kule karibu na bandari. Zamu ya usiku. Anawageuza wagonjwa wasipate vidonda, mmoja mmoja, mpaka kunakucha. Sasa bosi wake amesikia ana kesi polisi. Amemwambia apumzike kwanza. Kesi ikimwangukia ndiyo basi, nani atamwachia wazee mtu mwenye rekodi ya kuandama watu?"

"Mimi sikujua, mzee."

"Ungejuaje," akasema, kwa upole kabisa, na upole ule ndio ulionimaliza. "Watu wa ghorofa hatuulizani."

Lakini aliniambia. Nalala mchana, alisema, tena mara mbili, mlangoni pangu. Mimi sikuuliza kwa nini. Nilichagua ulevi kwa sababu ulinifaa.

Julai 12

Nimempigia Afande Seok. Nikamwambia nataka kufuta malalamiko, nimesamehe.

"Haifutiki, mama."

"Mimi si ndiye niliyelalamika?"

"Zamani ingefutika. Ukisema umesamehe, faili linafungwa. Bunge limeiondoa ile. Watu walikuwa wanawaandama wanawake, halafu wanawaandama tena ili wasamehe. Wengine waliuawa kabla hawajasamehe. Sasa kesi si yako tena. Ni ya dola."

"Bibi yule hawezi kuua hata mende, afande."

"Mimi nina maandishi yako hapa. Umesema uliogopa."

Nikamshukuru, nikakata simu, nikaketi sakafuni.

Nilimkumbuka Ye-ju, tuliyekuwa tunaosha naye vichwa saluni. Kuna mwanamume alikuwa anamngojea nje kila jioni, ng'ambo ya barabara, hafanyi kitu, anatazama tu. Ye-ju alikwenda polisi, wakamwambia kutazama si kosa, labda anakupenda. Akawa anatokea mlango wa nyuma, penye mapipa, mimi nachungulia kwanza. Ye-ju aliogopa kweli. Alikuwa akishika taulo linatetemeka. Wanawake walilia barabarani na mishumaa mpaka sheria hii ikapatikana, kwa ajili ya wasichana kama Ye-ju. Mimi nimeichukua kumpigia mama mtu mzima aliyeniuliza nililelewa wapi.

Na swali lake nimeshalijibu, mbele ya jengo zima.

Julai 13

Nimeandika kwenye kundi: Bibi wa 603 hakufanya kosa, nilikasirika tu. Hakuna aliyejibu. Baada ya muda Mama Juha akaweka tangazo la punguzo la nepi.

Julai 15

Nimeshuka.

Nilifikiri hivi: sheria inamkataza yeye kuja kwetu, hainikatazi mimi kwenda kwake. Nilichukua pichi, zile nyeupe laini, nikamwacha Raon kwa baba yake. Ngazi za ghorofa moja, na miaka miwili tumekaa hapa sijawahi kuzishuka. Hata keki za mchele, zile mtu akihamia huwapelekea majirani, nilimtuma Hyeon-guk.

Mlango wake ni kama wetu, rangi ileile, mkwaruzo mahali palepale. Nikabonyeza kengele.

"Nani?"

"Mimi bibi. Mama Raon wa juu."

Nikasikia miguu inarudi nyuma, tena haraka.

"Ondoka hapa!"

"Bibi, nimekuja kukuomba msamaha. Naomba nikuone tu."

"Ondoka, mama, nakusihi. Kuna kamera kwenye kona hapo. Wakikuona hapa watasema mimi ndiye niliyekuita. Sikukuita! Umesikia? Sema kwa nguvu, hapo hapo ulipo, kwamba sikukuita!"

Nikageukia kamera, na mfuko wangu wa pichi, nikasema kwa nguvu koridoni: "Bibi hakuniita. Nimekuja mwenyewe."

"Tena!"

Nikasema tena.

"Sasa nenda na matunda yako. Usiache kitu."

Nikapanda. Nilipofika kwenye kona ya ngazi nikamsikia akitia mnyororo wa mlango.

Ile hofu niliyomwandikisha afande, hii hapa, nimeikuta. Iko chini, kwenye 603, imejifungia. Nimeipeleka mimi.

Julai 16

Nimemwambia Hyeon-guk nakwenda kubadilisha maneno yangu polisi. Tuligombana kwa kunong'ona, mtoto asisikie.

"Unajua wakisema ulimsingizia? Watakugeukia wewe! Kusingizia mtu ni jela."

"Sikusema uongo wa mambo aliyofanya. Alikuja, alileta viatu. Uongo ni neno moja tu."

"Basi liache hilo neno moja."

"Ndilo litakalomfunga."

"Na sisi je? Na huyu?" Akamwonyesha Raon kwa kidevu.

"Huyu anataka kumpa mwavuli wake. Wewe unataka nimfundishe nini?"

Akaenda kuosha vyombo, akavigongagonga. Halafu alirudi, mikono ina povu, akasema kesho kutwa ana njia ya upande wa kituo, atatushusha. Nilimpenda sana wakati ule, sikumwambia.

Julai 17

Nimemshushia Raon viatu vya chura kutoka juu ya kabati. Vinamkaa sawasawa. Bibi alimpima kwa macho tu, siku ile mlangoni, Raon amesimama kati ya miguu yangu. Amekimbia navyo chumba kizima na mimi nilikuwa nimempa mgongo, sikumsikia.

Julai 18

Niko kituoni, kwenye benchi la koridoni. Mvua imepumzika, jua linatoka kwa ukali, kila kitu kinafuka. Raon amelala na kichwa chake kwenye paja langu, kwa hiyo naandika kwa kuegemea ukuta. Hyeon-guk ametushusha akasema tu, "Ongea polepole, usiharakishe," kisha akarudi dirishani mwa gari akasema tena.

Afande Seok amepita na kikombe chake, akanitahadharisha kabla hatujaanza. Amesema nikibadilisha maelezo wataniuliza mengi, na huenda wakauliza kwa ukali, na hawezi kuniahidi kitu kuhusu bibi wala kuhusu mimi, faili litakwenda kwa wakubwa wake wataamua. Nikasema nimeelewa. Akauliza, una uhakika? Nikasema sina, lakini andika.

Najua ataanza na swali lilelile, uliogopa? Na mimi sijasoma, nikiulizwa na mtu wa serikali huwa nasema ndiyo ili aondoke. Ndiyo maana naandika hapa kwanza, nisikosee. Nitasema hapana. Nitasema sikuogopa hata kidogo, siku ile wala siku nyingine. Niliona aibu, afande. Niliona aibu mbele ya 704 na kijana wa vifurushi, nikatafuta wa kuilipia. Na akisema aibu na hofu kwa mtu aliyesimama mlangoni ni mamoja, nitamwambia si mamoja, mimi nimezijua zote mbili sasa, moja niliibeba mwenyewe na nyingine nimeisikia ikitia mnyororo. Nitamwambia bibi ana haki ya kulala. Nitamwambia arudishwe kwa wazee wake hata kama mimi

Mlango umefunguka, ananiita kwa jina langu kamili, Pyo Seon-mi. Nimesema naam, nakuja, nimalizie mstari. Ananiita tena. Raon ameamka, anauliza tumefika wapi, nimemwambia mwanangu tumefika mahali ambapo mama atasema hapana.